Nimpe kopo lote, anipe kifaru kimoja?

SWALI: Marehemu baba mdogo alisoma Moscow, Chuo cha Lumumba, akarudi mwaka 1987. Mwaka 2008 alikwenda tena kutembea. Vitu vyake nimekabidhiwa mimi, likiwemo kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za huko. Nilizoweza kuzitambua ni hizi: moja ya 1945 yenye Stalin upande mmoja na kifaru upande wa pili, tatu za 1965 zenye sanamu ya askari aliyempakata mtoto, ndogo kadhaa za 1967 zenye meli, moja ya 2000 yenye malori, na vipande vinne vyeusi vyenye mtu na nyundo, vya miaka ya 1920 na kitu. Kuna bwana mmoja hapa Tanga anayekusanya sarafu za vita. Ameliona kopo, anasema yote ni chuma chakavu isipokuwa ile ya 1945. Yuko tayari kulichukua lote, kisha anipe sarafu moja kubwa ya fedha tupu yenye kifaru T-34, ya mwaka 2010, ikiwa ndani ya kasha lake la plastiki. Imeandikwa Tuvalu. Je, hiyo ni sarafu ya kweli? Nibadilishane? Na kabla ya yote, nizisafishe?

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba. Nianze na lile la haraka: usizisafishe, na usimpe kopo. La kusafisha nitalieleza baadaye kidogo. La kopo ni kwamba bwana huyo amekwambia kinyume cha mambo yalivyo. Katika vyote ulivyovitaja, kitu pekee ambacho hakina thamani yoyote ni hicho cha Stalin na kifaru. Hicho ukitaka mpe bure.

Umoja wa Kisovieti ulipiga ruble ya fedha mwaka 1924. Baada ya hapo haukutoa tena sarafu ya ruble moja kwa matumizi ya watu mpaka 1961. Kwa muda wote huo ruble ilikuwa noti. Miaka ya vita, 1941 hadi 1945, sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu ni za kopeki tu (kopeki 100 ni ruble moja): 1, 2, 3, 5, 10, 15 na 20. Nchi ilikuwa inayeyusha kila chuma ili ipate mizinga. Haikuwa na nafasi ya kupamba ruble. Na Stalin, pamoja na kupenda kwake kuwekewa sanamu kila kona, sura yake haikuwahi kuwekwa kwenye sarafu ya nchi yake. Waliomweka ni Czechoslovakia, mwaka 1949, kwenye sarafu za fedha za koruna 50 na 100, alipotimiza miaka 70. Kwa hiyo ukikutana na ruble ya 1943, 1945 au 1949 yenye Stalin, yenye kifaru, yenye vyote viwili, jua imetengenezwa kwa ajili ya watalii miaka ya karibuni. Hata kuiita feki ni kuitukuza, maana feki huiga kitu kilichokuwepo. Hii haikumwiga mtu, imetungwa. Nadhani baba mdogo aliinunua katika safari ile ya 2008, na inawezekana kabisa alijua anachonunua. Nami ninayo moja mezani, nabania karatasi.

Kama unataka kujihakikishia kwa macho yako, chukua lenzi utazame nembo ya nyundo na mundu. Mashuke ya ngano yanayoizunguka yamefungwa kwa utepe, na kila mzunguko wa utepe uliwakilisha jamhuri moja. Sarafu za 1937 hadi 1946 zina mizunguko 11: mitano kushoto, mitano kulia, na mmoja chini katikati. Za 1948 hadi 1956 zina 16. Kuanzia 1957 ni 15, yaani saba, saba na mmoja. Hawa watungaji wa ruble za Stalin mara nyingi hunakili nembo ya sarafu za baadaye bila kuhesabu. Ukikuta mizunguko 15 kwenye kitu kilichoandikwa 1945, kimejitia hatiani chenyewe.

Sasa nikuambie jambo linalowachanganya wengi wanaopenda sarafu za vifaru. Watu hudhani Wasovieti, kwa kuwa walikuwa na vifaru vingi kuliko mtu yeyote, walivijaza kwenye sarafu zao. Sivyo. Walipoanza kutoa ruble za ukumbusho mwaka 1965, miaka 20 baada ya ushindi, hawakuchagua kifaru. Walichagua sanamu, ndiyo hiyo unayo tatu. Ni askari wa Treptower, Berlin, kazi ya mchongaji Yevgeny Vuchetich: sanamu ya shaba yenye urefu wa mita 12, askari ameinamisha upanga juu ya msalaba wa Manazi uliovunjika, na mkono mwingine umempakata mtoto wa kike. Mwaka 1975 wakaweka sanamu ya Mama wa Taifa iliyoko Volgograd. Ruble nyingine wakampa Lenin, wanaanga Gagarin na Tereshkova, Olimpiki, waandishi, majengo. Chombo cha kivita kilipita kwenye sarafu zao kwa nadra, na kimojawapo kimo koponi mwako: ile meli.

Hizo ndogo za 1967 ni kopeki 20, na meli ni manowari Aurora. Zilitolewa kwa miaka 50 ya mapinduzi, kwa sababu mwaka 1917 mzinga wa Aurora ulitoa ule mlio maarufu usio na risasi usiku wa kuvamiwa Ikulu ya Majira ya Baridi. Kifedha si kitu, ziko nyingi. Lakini mimi mtu wa pwani nina sababu yangu ya kuzipenda. Aurora iliwahi kupita bahari yetu. Mwaka 1904 Mrusi alipopeleka manowari zake kutoka Baltiki kwenda kupigana na Wajapani, Aurora ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema pamoja na zile kubwa, zikatia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Madagaska, jirani kabisa na Komoro. Zilikaa hapo mpaka Machi 1905, zikisubiri amri na makaa ya mawe, mabaharia wakiugua kwa joto. Miezi miwili baadaye wengi wao walizama katika vita ya baharini ya Tsushima, karibu na Japani. Aurora ilinusurika, na leo ni makumbusho St Petersburg. Mpe kopeki hiyo mtoto wa darasa la historia. Atakumbuka zaidi ya sura nzima ya kitabu.

Zile tatu za 1965 nazo ni za kawaida. Zilipigwa karibu milioni 60, za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha ndani yake. Ila kabla hujaziweka pembeni, zigeuze usome ukingoni. Mwaka 1988 kiwanda cha sarafu kilizipiga upya ruble za ukumbusho za zamani kwa ajili ya wakusanyaji, zikiwa na mng'ao wa kioo, na ukingoni kikaongeza mwaka 1988 na herufi ya Kirusi inayofanana na H yetu. Tarehe ya usoni ni ileile 1965. Kama mojawapo inang'aa kiasi cha kuona pua yako na ukingoni ina 1988, hiyo iweke mbali na wenzake, usiiguse tena ila kwa kingo. Haitakutajirisha, lakini wanaoitafuta wapo.

Vifaru, basi, vilikuja lini kwenye sarafu? Kwa wingi, vilikuja baada ya Umoja wa Kisovieti wenyewe kufa. Urusi mpya ndiyo iliyoanza kurudi kwenye vita ile kwa picha za mapigano, silaha na magari. Mwaka 2000, miaka 55 ya ushindi, Benki Kuu yao ilitoa sarafu saba za ruble 2 kwa miji saba ya mashujaa: Leningrad, Stalingrad, Moscow, Smolensk, Murmansk, Tula na Novorossiysk. Kila moja ilipigwa nakala milioni 10, na zote bado ni pesa halali. Mwaka 2014 zikaja za ruble 5, sarafu 18 za mapigano mbalimbali. Mwaka 2019 na 2020 ukaja mfululizo ambao mimi nauona bora kuliko yote, wa ruble 25, uliowakumbuka wabunifu wa silaha: sura ya mtu na kitu alichobuni. Degtyarev yuko na bunduki yake ya rashasha. Mikhail Koshkin yuko na T-34.

Huyu Koshkin nisimpite kimyakimya, maana ndiye mwenye hicho kifaru unachotaka kupewa. Alikuwa mbunifu mkuu wa vifaru katika kiwanda cha treni cha Kharkiv. Wakubwa walikuwa na mashaka na kifaru chake kipya, basi Machi 1940 akaondoka na viwili vya majaribio, vikaendeshwa kwa minyororo yake katika theluji kutoka Kharkiv mpaka Moscow, zaidi ya kilomita 700, ili wavione. Walivikubali. Yeye akarudi na nimonia, akafariki Septemba 26, 1940, umri miaka 41. Vita dhidi ya Wajerumani ilianza Juni mwaka uliofuata. Hakuona hata T-34 moja ikipigana, na vilitengenezwa zaidi ya 80,000 ukijumlisha aina zote. Sarafu yake si ya madini ya thamani, ni shaba na nikeli, lakini ningechagua hiyo kabla ya nyingi za fedha.

Na ile yako ya malori. Hiyo ni ruble 2 ya Leningrad, yaani St Petersburg ya leo, katika zile saba za 2000. Malori yale yako juu ya barafu ya Ziwa Ladoga. Wajerumani waliuzingira mji tangu Septemba 1941, watu wakafa kwa njaa kwa malaki, na njia pekee iliyobaki ilikuwa ziwa. Lilipoganda, msafara wa kwanza wa malori ulivuka Novemba 22, 1941. Mengi ya malori yaliyofanya kazi ile yalikuwa GAZ-AA, ya tani moja na nusu, ambayo ukiyatazama vizuri ni Ford: Wasovieti waliingia mkataba na Ford mwaka 1929, wakajengewa kiwanda, wakapata na michoro. Madereva waliendesha mlango ukiwa wazi ili barafu ikipasuka waruke. Wanaokusanya sarafu za vifaru huipita hii bila kuitazama mara mbili kwa sababu haina mzinga. Bei yake ni ndogo sana. Usiiuze.

Haya, twende Tuvalu.

Ndiyo, sarafu ya namna hiyo ipo kweli. Mwaka 2010 kiwanda cha sarafu cha Perth, Australia, kilitoa kwa jina la Tuvalu mfululizo wa dola 1 wa vifaru vya Vita Kuu ya Pili. T-34 ya Wasovieti imo, Tiger ya Wajerumani imo, na Sherman ya Wamarekani imo. Upande mmoja ni Malkia Elizabeth, wa pili ni kifaru cha rangi. Ni aunsi moja, yaani gramu 31.1, ya fedha ya 999: sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha safi. Tuvalu ni visiwa vidogo katika Pasifiki vyenye watu 11,000 hivi. Haina jeshi. Sijui kama kifaru kikishushwa pale kitapata pa kugeuzia. Hiyo ni biashara: nchi ndogo inakodisha jina lake na kupata ada, kiwanda kinapata sarafu yenye uhalali wa serikali, mkusanyaji anapata picha anayoitaka. Tusiwacheke, hata kwetu yapo. Rwanda, isiyo na pwani, imetoa faranga 50 za fedha zenye jahazi la Columbus mwaka 2017 na meli ya Mayflower mwaka 2020. Sarafu ya namna hii haitembei dukani. Thamani yake ni fedha iliyomo, na juu yake kidogo kwa ajili ya picha, kasha na cheti, kama vipo.

Kwa hiyo swali lako la kweli ni mawili: hii aliyonayo bwana ni kweli ilitoka Perth, au imeigwa? Na kama ni ya kweli, je, inalingana na kopo lako?

La kwanza linajibiwa na mzani, halijibiwi na maneno. Nenda naye kwa sonara, mchana, mahali penye watu. Kwanza mtazame kifaru chenyewe, maana waigaji huchanganya. T-34 ina magurudumu makubwa matano kila upande, uso wake umelala kama paa la nyumba, na mdomo wa mzinga ni mtupu. Tiger ni sanduku lililosimama wima, magurudumu yake yamepandana kama magamba ya samaki, na mdomo wa mzinga una kichwa kama cha nyundo. Nimewahi kuuziwa Tiger iliyoandikwa T-34 kwa herufi za dhahabu, na aliyeniuzia alinitazama usoni bila kupepesa.

Kisha ipimwe. Gramu 31.1, na kipenyo milimita 40 na nusu hivi. Ikiwa pungufu ya gramu nzima, shukuru na uondoke. Ikiwa uzito ni sawa, haijaisha, kwa sababu mwigaji naye ana mzani. Kinachomshinda ni unene. Fedha ni nzito kuliko shaba na nikeli. Akitaka kufikisha gramu 31 kwa madini mepesi na kipenyo kilekile, lazima sarafu inenepe. Sonara anayejua kazi atataka kuiona nje ya kasha, na ana njia ya maji. Weka glasi ya maji kwenye mzani wa kidijitali, uirudishe kwenye sifuri, kisha uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Fedha ya gramu 31.1 itasoma gramu 3 kasoro chembe. Shaba na nikeli itasoma 3.5. Shaba ya njano itakaribia 3.7. Tofauti inaonekana kwa macho, haihitaji digrii. Maji yawe safi, yale ya kuongezea betri (distilled), si tindikali ya betri, na ikitoka iguswe kwa kitambaa laini bila kusuguliwa, kwani sarafu yenye mng'ao wa kioo na rangi huharibika upesi. Kukwaruza na kumwaga tindikali usikubali, hata kama sonara ni mjomba wako. Na mwenye mali akikataa isitolewe kasha kabisa, ana haki, nawe una haki ya kubaki na kopo.

La pili ndilo lililonifanya niandike kirefu hivi. Nilijiuliza: mtu anayejua sarafu za vita, akiona ruble ya kubuni ya 1945, anawezaje kuisifu? Na kama Tuvalu yake ni ya kweli, kwa nini atoe aunsi nzima ya fedha kwa shaba na nikeli za kawaida? Nikarudi kusoma barua yako, nikafika kwenye mstari ulioupita upesi: vipande vinne vyeusi vyenye mtu na nyundo.

Dada, mtu huyo ni mhunzi. Anapiga fuawe. Sarafu hiyo huitwa poltinnik, nusu ruble, na ilipigwa miaka minne tu: 1924, 1925, 1926 na 1927. Ni fedha ya 900, uzito gramu 10, na ndani yake mna gramu 9 za fedha safi. Si siri wala si kubahatisha; imeandikwa ukingoni kwa Kirusi, neno kwa neno, kwamba ina gramu 9 za fedha safi. Weusi uliouona ndio weusi wa fedha iliyokaa kopo kwa miaka. Shaba na nikeli haiwi nyeusi hivyo.

Sasa fanya hesabu: nne mara 9 ni gramu 36. Yake ni 31.1. Kwa fedha peke yake, kabla hujahesabu kitu kingine chochote koponi, tayari yeye ndiye anayefaidi. Na zako zina umri wa karibu miaka 100. Ikiwa mojawapo ni ya 1927, hiyo hutafutwa zaidi ya nyingine tatu. Bwana amekuelekeza macho kwenye kifaru ili usimtazame mhunzi. Pengine simtendei haki, pengine naye hakugundua. Lakini aliyesema yote ni chuma chakavu alikuwa na kopo mkononi.

Ndiyo maana nilikukataza kusafisha. Najua nyumbani kwetu chombo cha fedha kikifanya weusi kinasuguliwa kwa majivu na ndimu, au ukwaju, na siku hizi dawa ya meno. Kwa sinia na bangili ni sawa. Kwa sarafu ni kuichuna ngozi: mikwaruzo midogo inabaki daima, na mnunuzi anayejua akiiona anakata bei hapohapo mpaka ile ya kuyeyusha. Weusi wa asili wakusanyaji wanaupenda, wanaulipia. Ukilazimika kabisa, kama kuna unga wa maziwa umegandia, loweka kwenye maji safi, acha usiku kucha, kausha kwa kugusagusa. Basi. Na uzitoe koponi, zinagongana. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, kila moja na yake. Mifuko laini ya plastiki usitumie, mingine hutoa mvuke unaoacha utando wa kijani.

Kuhusu kuzitumia kama pesa, usisumbuke kuulizia benki. Ruble za Kisovieti zilishatoka katika mzunguko miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 1998 Urusi ilikata sifuri tatu katika fedha yake. Ile ya malori peke yake ndiyo ingepokelewa dukani Moscow, na ungeambulia njiti za kiberiti.

Ningekuwa mimi, ningemwita bwana huyo tena na kumwambia kwa upole: kifaru chako nimekipenda, kopo silitoi, nitakupa poltinnik mbili kwa hicho kama kikipita kwa sonara. Gramu 18 kwa 31.1, akikubali bila kubisha, rudia kipimo cha maji mara ya pili. Akikataa na kutaja tatu, hapo mna mazungumzo ya watu wazima, ila ya 1927 isiwe miongoni mwake. Ya Stalin mwongezee juu kama bakshishi, kwa kuwa aliisifu mwenyewe.

Kabla ya hayo yote, kaa mchana penye mwanga, zishike zile nne kwa kingo, zizungushe polepole. Baada ya maneno ya gramu 9 kuna herufi mbili ndani ya mabano. Ninukulie zilivyo kwa kila moja, na mwaka wake, hata kama huzielewi. Na umesema koponi kuna nyingi usizozitambua. Tandika shuka jeupe, zimwage zote, nitumie picha ya pande mbili. Sipendi kukisia juu ya kopo ambalo nimeliona nusu.